Siku Jua Lilipomkatalia Mwalimu Siméon

Kioo cha kwanza cha kutazamia jua alipewa Komanda Zorobabel, mgeni wa heshima. Kilikuwa kipande cha dirisha kilichopakwa masizi ya mshumaa, cheusi tititi. Mama Kavuo, muuza samaki wa Kyavinyonge, alikuwa amekizungushia kitambaa ukingoni kisije kikamkata mkubwa vidole, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Komanda alikigeuzageuza kama mtu aliyepewa kichwa cha samaki bila samaki. Basi sayansi yenyewe ndiyo hii?

Mwalimu Siméon alifundisha fizikia hapo Butembo mpaka vita vikafunga shule yake. Sasa alikuwa ametangaza makanisani, kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti, kwamba Jumamosi mchana mwezi ungepita mbele ya jua na kiza kingeingia. Kungekuwa na conférence ya bure uwanjani mwa kanisa, kwa watu wote. Komanda aliposikia habari hiyo alicheka mpaka bia ikampitia puani. Lakini alipoambiwa kwamba angekaa kiti cha mbele na kufungua séance, yaani kikao chenyewe, kwa hotuba, akaagiza sare yake ipigwe pasi.

Alasiri ileile malori yangefika kutoka Beni kubeba vijana aliowakamata sokoni. Alikuwa amewafungia katika depo ya kahawa, hapo nyuma ya kanisa. Kesho wao wangekuwa mbele ya risasi, na yeye angekuwa na nyota nyingine begani. Wawili kati yao walikuwa wana wa Kavuo. Kavuo alikwisha kulia, akapiga magoti, akaleta tilapia. Komanda alikula tilapia, basi. Sasa mama yuleyule alikuwa anagawa vioo, kichwa chini. Ndivyo watu wa hapa walivyo, aliwaza. Ukiwakanyaga vya kutosha wanakupangusia kiatu.

"Na balinzi ba kule depo, Chef?" mwalimu akauliza taratibu. "Bakiangalia jua bila kioo, macho yabo itakufa."

Komanda akaruhusu na wao wapelekewe. Hakutaka vipofu jeshini. Wajinga aliokuwa nao walimtosha.

Halafu mwalimu akanong'ona jambo la Motorola, zile redio za mkononi za askari. Ingefaa, alisema, hotuba ya mkubwa isikike katika posti zote, hadi barabara ya Beni. Mtu ashikilie tu kifungo cha Motorola mdomoni pa Chef bila kukiachia, na wengine wote wasikilize tu, asiweze kusema mwingine. Hilo Komanda alilipenda sana. Ilikuwa mara ya kwanza mzee huyo kusema kitu chenye akili.

Alihutubu juu ya nidhamu mpaka watoto wachanga wakalala migongoni mwa mama zao. Mwishowe akaamuru kila askari, popote alipo, aweke kioo machoni, atazame juu, asikishushe mpaka séance ifungwe.

"Na séance yenye imefunguliwa na mukubwa," mwalimu akaongeza karibu na Motorola, "haifungwe na mutu mwingine."

Komanda akaitikia kwa kichwa. Angalau protocole mzee aliijua.

Somo lenyewe lilikuwa aibu. Siméon alitoa chungwa, likawa jua. Akatoa tunda la maracuja, likawa mwezi. Mwezi ukamponyoka, ukabingirika mpaka chini ya kiti cha Komanda. Kisha kwaya ya kanisa, ya Mama Adèle, ikaenda nyuma ya kanisa kupigia jua ngoma. Ngoma moja ilikuwa inagonga ovyo, koh, koh, koh, nje kabisa ya wimbo. Hata ngoma hawawezi, Komanda aliwaza, halafu wanataka kupima mbingu.

Wakangoja, shingo zimekakamaa. Jua likawaka. Likaendelea kuwaka. Hakuna kilichopita mbele yake, hata kunguru.

Komanda alianza kujisikia vizuri.

"Mwalimu," akasema, akihakikisha Motorola iko karibu, "mwezi yako iko wapi? Imekosa laissez-passer ya kupita barabara, ao barrière ya Beni imeikamata?"

Siméon alijifuta paji la uso. "Pengine nilikosea hesabu, Chef. Munihurumie."

Watu waliinama, wengine wakiuma pindo za vitenge. Wanamwonea haya mtaalamu wao, Komanda aliwaza, akajipangusa jasho usoni; leso ikatoka nyeusi kwa masizi.

Akasimama, akatupa kioo miguuni pa mwalimu. Alimwambia mbele ya watu wote kwamba kuanzia leo aache jua la Mungu, auze ndizi. Kisha akaondoka na walinzi wake akicheka, maana honi za malori zilikuwa zimeanza kusikika barabarani. Hakuna aliyemkumbusha kitu. Kavuo hakuonekana, bila shaka alikuwa ameenda kulia tena mahali.

Mbele ya depo walinzi walikuwa wamesimama mstari mmoja, nyuso juu, vioo machoni, Motorola yao kimya. Kufuli lilikuwa mahali pake. Hii ndiyo nidhamu, Komanda aliwaza, akatoa ufunguo, akafungua mwenyewe.

Ndani mlikuwa na mwanga mwingi. Ukuta wa nyuma haukuwapo. Mbao zake zilikuwa zimepangwa chini vizuri, moja juu ya nyingine, na juu yake imewekwa ngoma ya kanisa na nyundo.

Komanda akamwita Kakule, mkubwa wa zamu.

Kakule alikaza mkono, kioo kisitikisike.

"Nangoja, Chef," akajibu. "Haujafunga séance bado."