Kopo la Kogo

"Nani alileta sampuli hii ya kinyesi?" mwalimu aliuliza.

Jerop aliinamisha kichwa. Wiki iliyopita maabara nzima ilicheka kinyesi hicho kilipofika ndani ya kopo kubwa la siagi, badala ya kichupa kidogo walichopewa wanafunzi.

"Ina bakteria wa aina nyingi kuliko zenu zote za hapa Eldoret mjini. Tumbo la mtu huyu ni tajiri," mwalimu alisoma kwenye karatasi ya matokeo.

"Mwalimu, hiyo si ni ya ng'ombe!" mwanafunzi mmoja alidakia. Wakaangua kicheko.

Jerop akainua mkono wake wenye glavu.

"Ni ya Kogo, nyanya yangu wa Kapseret," alisema, na sauti yake ikafika mpaka viti vya nyuma. "Anakunywa mursik, maziwa yetu ya kuchachushwa kwenye kibuyu, anakula mboga za shambani kwake, na ndiye aliyenilea. Mwalimu, wasomee tena."