Saa ya Chumba cha Dharura

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi na moja. Simu ya mwanafunzi wa udaktari, sawasawa na saa ya mlinzi getini, ilionyesha saa nne na dakika mbili.

Miezi mitatu alikuwa akipima wagonjwa wa dharura wanasubiri kwa muda gani: wakiingia, anaandika saa ya mlinzi, wakimwona daktari, anaandika saa ya ukutani. Fomu mia mbili!

Angeweza kunyamaza. Kidole gumba kilikunja na kukunjua pembe ya fomu ya juu mpaka ikachanika.

"Daktari," akamwambia msimamizi wake, "utafiti wangu umeharibika. Saa ile inakwenda mbele dakika tisa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi," akadakia muuguzi mkuu, huku akikunja bandeji. "Niliisogeza mwenyewe, maana ninyi madaktari mmezidi kuchelewa zamu. Kila Jumatatu naikagua, tisa ni tisa. Wewe toa tisa tu, mwanangu."

Mwanafunzi akashusha pumzi, akatafuta kalamu.

Daktari bado alikuwa ameikodolea macho saa. "Kwa hiyo, Sista, siku ile uliyonigombeza mbele ya watu…"

"Ulikuwa umewahi," akasema muuguzi. "Na wenzako usiwaambie."