Noti ya Katikati

Siku hizi kila kinanda cha dukani humsahihisha mpigaji, ndiyo sheria. Ukiigusa sika, ile noti yetu ya taarabu inayokaa katikati ya noti mbili, kinanda kinakuvuta pembeni kama mtoto mtukutu. Mimi sikubali kushikwa mkono na mashine, kwa hiyo nimejitengenezea changu. Vitufe nimevitoa kwenye rimoti mbovu, vifundo vya kuzungusha kwenye redio ya marehemu mama, bodi nimeiokota kwenye chuma chakavu huko Ng'ambo. Chenyewe hakina sauti. Kinaiamrisha kompyuta ipige nini, nayo inatii bila ubishi.

Leo, nilipomaliza kulehemu waya wa mwisho, nilimpigia binti yangu Mwanakombo wimbo aliokuwa akiuimba mama. Akakunja uso.

"Mama, kimeharibika. Hapo katikati kinapotoka."

"Hakijaharibika. Hiyo ndiyo sika. Walioharibika ni hao wanaokufundisha shuleni."

Nikaitafuta kaseti ya mama nikamwekea, asikie kwa masikio yake. Mama akaishika noti palepale katikati, hakuyumba. Mwanakombo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipapasa mkono.

"Masikini bibi," akasema kwa upole. "Kumbe naye alikuwa anakosea."