Uyoga wa Bustanini

Mwantum hakuwa na mchele, hakuwa na muhogo, wala hakuwa na mume nyumbani. Mumewe alikuwa Tanga akikata mkonge wa Mwingereza. Mafuriko ya Rufiji yalimwachia watoto, mama mkwe, na uyoga mweupe asioujua, ulioota bustanini.

"Mkubwa huonja, wadogo husubiri," alisema mama mkwe, akala asubuhi. Adhuhuri ilipofika alicheka: "Wapakulie, mwanangu. Sijafa."

Watoto walikula wakakomba chungu.

Mwantum alikuwa akilamba gundi ya bahasha, ndani ameandika, "Sisi sote wazima," aliposikia mama mkwe akitapika uani. Jirani aliyekuwa akisafiri kwenda Tanga alisimama mlangoni, akiingoja barua. Watoto walikuwa bado wanalamba vidole.

Mwantum akaibana bahasha kwa kidole gumba mpaka ikashika, akampa jirani.

"Mwambie hatujambo."