Kicheko cha Ukumbini

Ilikuwa wiki ya tatu nikichora ukutani historia ya ukumbi wa zamani wa maigizo wa mji wetu, na mabega yalikuwa yamekufa ganzi. Baba akaja, akasimama chini ya ngazi.

"Nasikia umemchora marehemu mama yako. Mfute."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikashuka, nikafungua kopo la rangi nyeupe.

Ndipo Baba akainua macho ukutani. Mama alikuwa jukwaani, binti wa miaka ishirini na miwili, akicheka mpaka mwanya wa meno ya mbele unaonekana.

"Alikuwa akicheka hivi?"

"Kwenye kila picha ya ukumbini, Baba."

"Nyumbani alikuwa akiziba mdomo kwa kiganja. Miaka arobaini."

"Ulimwambia kicheko hicho ni cha jukwaani, akiache hukohuko."

Aliegemea fimbo yake, akakitazama kinywa kile.

"Basi mfumbe mdomo tu," akasema. "Kwa mwanya huo watu watamjua."

Nikalifunika kopo. Nikapanda ngazi polepole na brashi nyembamba, nikaanza kuandika jina la Mama chini ya kicheko chake.