Ngozi ya Mwalimu Nungunungu

Zamani, wanyama walipokuwa wakifundishana kujikinga, Nungunungu alifundisha vijana wake kuchoma kwa miiba. "Zoezi lisilotisha ni mchezo," alisema, akawa anavaa ngozi ya chui na kuwarukia kila asubuhi. Kibibi, mmoja wa vijana hao, alikuwa akilia kila mara, mpaka Mwalimu akamfukuza darasani. Wengine walizoea.

Siku moja, Nungunungu akiwa bado kichakani anajifunga ngozi, Chui mwenyewe akatokea. Wanafunzi wakacheka. "Mwalimu, leo imekukaa vizuri."

Nungunungu alimwona, akazidi kujificha kichakani. Kibibi, aliyekuwa akichungulia kwa mbali, akaja kinyumenyume huku analia, akamchoma Chui mpaka akakimbia.

"Umemuumiza mwalimu," wenzake wakamkaripia.

"Nisamehe, Mwalimu," Kibibi akamlilia yule aliyekuwa akitokomea. "Nilidhani ni chui kweli."

Kichakani, Nungunungu alijifunika ile ngozi usoni, asitoke.