Chupa ya Chai Iliyovunjika

Tunu, mtoto wa miaka sita, aliingia jikoni amekumbatia chupa ya chai.

"Mama, nimeivunja. Imenidondoka pale mlangoni."

Sikudhani, mama yake Tunu, aliacha kukanda unga. Yeye, utotoni, alipovunja ya mama yake, alijificha uvunguni mwa kitanda mpaka magharibi, na bado fimbo ilimfikia. Huyu amekuja mwenyewe, wala hatetemeki.

"Umeumia?"

"Hapana."

Mama yake Sikudhani, aliyekuwa akichagua mchele pembeni, aliinuka. Sikudhani akasogea karibu na mwanawe. Bibi aliichukua ile chupa, akaitikisa sikioni. Vioo vikalia chaka chaka ndani.

Akaitikisa tena, safari hii kama kayamba, na Tunu akaanza kuchezesha mabega.